Dua ya Mtahiniwa na Deni la Mtunga Mtihani

Ninafundisha takwimu katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kazi ya somo langu ni kuipima bahati: kueleza kwa namba ni lini jambo limetokea kwa sadfa tu na ni lini lina chanzo chake. Wanafunzi wakifika mwaka wa pili wanalijua hilo barabara. Waambie sarafu imeangukia upande mmoja mara sita mfululizo, watakujibu bila kusita kwamba sarafu haina kumbukumbu, na mara ya saba ni nusu kwa nusu kama ya kwanza. Halafu inaingia wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, na vijana walewale wanaanza kuishi kwa kanuni nyingine kabisa.

Kijana aliyepata alama nzuri kwenye testi analirudia shati alilolivaa siku ile, na halifui mpaka karatasi ya mwisho. Binti hali yai kipindi chote cha mitihani kwa kuwa yai lina sura ya sifuri. Wapo wasiomwazima mtu kalamu, hata awe rafiki wa damu, wasije wakatoa na fungu lao. Wapo ambao wakiitwa jina njiani kuelekea ukumbini hawageuki, na wakijikwaa mguu wa kushoto wanarudi bwenini kuianza safari upya, kwani hiyo ni ndege mbaya. Kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, usiku wa manane mmoja anapiga msuli na madesa yake, yaani nakala za masomo, huku mwenzake ananong'ona zaburi. Msikitini wapo waliokaa tangu Isha na misahafu. Kwenye madarasa yaliyoachwa wazi vikundi vya maombi vinakemea roho ya kufeli kwa sauti inayofika barabarani.

Walimu wenzangu wengi wanayaona haya kuwa ni aibu kwa chuo kikuu. Mimi sioni hivyo. Naona pana swali la kweli la dini na la akili, linalostahili kujibiwa kwa uzito wake: mtu aliyesoma anapoomba, au anapovaa shati lake, anataka nini hasa? Na hicho anachokitaka, ni cha Mungu kumpa, au ni cha sisi tuliomtungia mtihani?

Mwenye shati nilimuuliza mwenyewe, kwa upole, wala hakuona haya kunijibu. "Siamini, Madam," alisema, "lakini sithubutu kuliacha." Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi. Kijana yule haogopi nguvu ya shati. Anaogopa siku ya matokeo: akifeli akiwa amelivaa, atakuwa amefeli, akifeli akiwa ameliacha, atajilaumu mwaka mzima kwamba ameacha. Anajikinga na lawama ya nafsi yake. Mtu anayeishi hivyo hakukosa akili, ila amebebeshwa jambo kubwa ambalo sehemu yake haimo mikononi mwake, na anataka awe na hakika kwamba kwa upande wake hakuacha hata dogo.

Nitaje pia kitabu cha majibu, maana hicho ndicho ninachokiona kwa karibu kuliko yote. Mtahiniwa haandiki jina, anaandika namba yake tu, ili msahihishaji asimjue. Lakini fungua jalada, utakuta maandishi ambayo hayakuombwa na swali lolote. Kwenye kona ya juu kulia pana Bismillahi kwa herufi za Kiarabu ndogo mno, imeandikwa kwa penseli. Kwa mwingine ni msalaba usiozidi punje ya mchele. Wapo wanaoandika tarakimu 786, jumla ya thamani za herufi za Bismillahi nzima kwa hesabu ya abjadi. Na mwishoni, chini ya jibu la mwisho, hasa jibu lililokatikia njiani, huja sentensi iliyonielekea mimi. Mungu akubariki wewe unayesahihisha. Au: nisaidie mwalimu, muda haukutosha, nilikuwa naumwa.

Sentensi hiyo naisoma taratibu. Mara nyingi wino wake ni mzito kuliko wa majibu; kalamu imekandamizwa mpaka ukurasa wa nyuma umevimba. Msimamizi alikuwa ameshatangaza dakika tano, na mtu huyu akatoa moja kati ya hizo tano kumwombea dua asiyemjua. Kanuni inanitaka niipite kana kwamba haipo, nami naipita. Alama haiongezeki hata nusu. Lakini kuipita si kuidharau. Tazama anaomba kwa nani: juu ya ukurasa anaomba kwa Mungu, chini ya ukurasa anaomba kwa msahihishaji. Anajua kwamba katika jambo lake kuna mikono miwili, wa mbinguni na wa idara. Tatizo lake ni kwamba hajui mpaka wa kila mmoja, na sisi hatujamsaidia kuuona.

Mimi mpaka huo nilianza kuuona utotoni. Nimelelewa Tanga, Ngamiani, na bibi mzaa mama. Kabla ya mtihani wa darasa la saba alinipeleka kwa maalim wa mtaa wetu nikanywe kombe. Wasomaji wa pwani wanaijua kazi hiyo, lakini wa bara huenda hawajaiona. Maalim anachukua sahani nyeupe. Zafarani imerowekwa kwenye marashi mpaka imetoa rangi yote. Anachovya kijiti kilichochongwa, anaandika aya kufuata mviringo wa sahani, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka sahani nzima imekuwa ya manjano. Anaacha ikauke. Kisha anamimina maji, maandishi yanaachia taratibu, na unayanywa kwa mafunda matatu. Yana harufu ya waridi na uchungu kidogo unaobaki kwenye ulimi.

Lakini nililolishika zaidi ni lile lililotangulia. Maalim hakugusa kijiti mpaka aliponiomba daftari langu la hesabu. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa, ingawa yeye hakusoma shule ya serikali na sidhani kama zile sehemu na desimali alikuwa akizifahamu. Alikuwa akitafuta kurasa tupu. Alipoona hakuna, akamgeukia bibi: "Haya Bi mkubwa, huyu tumwombee." Mtoto wa jirani, ambaye daftari lake lilikuwa na kurasa nyeupe katikati, alirudishwa nyumbani akaambiwa aje tena akishazijaza.

Najua kombe lina ubishi. Ndugu zetu wa Ansari Suna wanalihesabu kuwa uzushi, na masheikh wengi wa pwani wanalihesabu kuwa ni kutabaruku kwa maneno ya Mwenyezi Mungu. Sina elimu ya kuamua kati yao. Ninachokitetea ni lile daftari.

Kipimo cha maalim wangu nilikuja kukikuta ukubwani kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha tauhidi na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, ndani ya Ihyaa Ulumiddin. Ghazali anazipanga sababu za mambo kwa madaraja. Ziko za yakini: una njaa, chakula kiko mbele yako, ukikataa kunyoosha mkono eti unamtegemea Mungu, hujamtegemea, umepungukiwa akili. Ziko za dhana yenye nguvu, kama msafiri wa jangwani kuchukua masurufu ya njiani. Na ziko za kuwazia tu, ambazo uhusiano wake na matokeo ni hafifu, na mtu anayezikimbilia hizo ndiye anayeharibu tawakkul yake. Ukiupanga mtihani kwa madaraja hayo, kuisoma kozi ni la kwanza. Kulala vya kutosha na kufanya maswali ya miaka iliyopita ni la pili. Shati, yai na kalamu ni la tatu. Dua siiweki kwenye daraja lolote. Hapo nasitasita kumfuata Imamu, ambaye kwingine katika Ihyaa hiyohiyo ameifananisha dua na ngao inayozuia mshale, yaani nayo ni sababu miongoni mwa sababu. Kwangu mimi dua ni kuzungumza na Mwenye sababu zote, na nitaeleza mbele kwa nini.

Kuna kitu kimoja ambacho maalim hakuweza kukikagua. Aliweza kuona daftari la mtoto. Hakuweza kuiona karatasi ya maswali.

Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona jambo ambalo mtu wa Tanga halimshangazi. Wavuvi wale walipovua ndani ya miamba, kwenye maji yaliyotulia na samaki wa hakika, hawakuwa na uganga wowote. Walipotoka kwenda bahari kuu, kwenye hatari na kwenye samaki wasiotabirika, uganga ulikuwa mwingi. Watu walikuwa walewale, na elimu yao ya uvuvi ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha bahati kilichokuwamo ndani ya kazi.

Sasa itazame karatasi ya mtihani kama inavyotungwa katika kozi nyingi. Kozi ina mada kumi. Karatasi ina maswali matano, kila moja kutoka mada yake, na mtahiniwa anachagua matatu ya kujibu. Njia za kuchagua mada tano kutoka kumi ni 252. Mwanafunzi aliyesoma mada tano akaziacha tano atakuta maswali matatu au zaidi anayoyajua katika njia 126 kati ya hizo. Nusu kamili. Aliyesoma mada saba ana njia 231, kama 92 katika kila 100. Aliyesoma mada tatu tu ana njia 21, yaani kama 8 katika 100. Lakini hao wanane waliobahatika wataweza kupata alama sawasawa na yule aliyezisoma zote kumi.

Mfikirie huyo wa nusu kwa nusu. Wako wengi, na si wote ni wavivu: kuna anayekaa Mbagala na kupanda mabasi mawili kuja chuoni, kuna ambaye fedha za mkopo zimechelewa na madesa ameyapata wiki ya mwisho, kuna mwenye mtoto mgonjwa. Anaingia ukumbini akijua, kwa hesabu niliyomfundisha mimi, kwamba mwaka wake unarushwa juu kama sarafu. Ikiangukia huku, amepita. Ikiangukia kule, ni sapu, yaani mtihani wa marudio, au kukeri, yaani kuirudia kozi, na zikirundikana ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mtu aliyeona kwa usahihi kwamba karatasi imebeba bahati, halafu akatafuta mahali pa kuishikia bahati hiyo, hawezi kuitwa mjinga. Ushirikina wake umeanzia mezani kwa mtunga mtihani.

Ibadilishe karatasi. Tunga maswali kumi mafupi, moja kwa kila mada, na yote yawe ya lazima. Aliyesoma nusu ya kozi atapata karibu na nusu ya alama, na aliyesoma saba atapata karibu na saba katika kumi, muhula huu na muhula ujao. Hapo hapana cha kuotea. Mitihani yangu naitunga hivyo, na katika kozi yangu husikii lile swali la wiki ya mwisho, "Madam, tukazie wapi?" Pa kukazia ni kozi nzima na wanajua. Sidai kwamba nimewaondolea hofu. Hofu ya kupimwa ni ya kibinadamu na itabaki. Nasema tu kwamba hofu ya kupimwa ni tofauti na hofu ya kamari, na hii ya pili hatuna haki ya kumpandikizia mtoto wa mtu kisha tukamcheka anapovaa hirizi.

Ninalisema hili kwa nguvu kwa sababu mambo hayaishii kwenye mashati. Bahati isipotajwa kwa jina lake, watu humtafuta mtu wa kuibeba.

E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudani Kusini ya leo na Kongo, anaeleza habari ya ghala la nafaka linaloangukia watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawabishani na mchwa. Swali lao ni kwa nini liliporomoka saa ile, na watu wale wakiwa chini. Hapo ndipo wanapoutaja uchawi. Mwanafunzi aliyeshindwa ana swali hilohilo. Anajua hakuisoma ile mada. Analouliza ni kwa nini mada ile ndiyo imekuja, na kwa nini mwenzake wa kitanda cha juu, aliyesoma madesa yaleyale, ameokoka.

Muhula mmoja alikuja ofisini kwangu binti wa mwaka wa pili kuniomba nimsaidie ahamishwe chumba. Wenzake walikuwa wamemtuhumu kwamba amechukua nyota zao. Ushahidi ulikuwa kwamba yeye alipata A na wao wakapata sapu, na kwamba aliwahi kukutwa ameshika kichana cha mmoja wao. Walikuwa wameacha kula naye. Sabuni yake bafuni walikuwa wanaisogeza kwa kijiti ili wasiiguse kwa mkono.

"Mwanangu," nilimuuliza, "umekaa nao ukawaeleza?"

"Nimewaeleza, Madam. Wanasema mchawi huwa hakubali."

Alikuwa na karatasi ya maswali ya mtihani ule kwenye mkoba, ameikunja mara nne. Tuliifungua mezani. Maswali matano, jibu matatu. Nikamwambia anitajie mada alizosoma yeye na alizosoma wenzake, akazitaja. Wote wanne walikuwa wamegawana kozi, kila mmoja kasoma kipande chake na kuwafundisha wengine juu juu. Maswali yaliangukia kwenye kipande chake. Basi. Hakuna nyota iliyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Alizihesabu njia mwenyewe kwa kalamu, akaelewa, akalia. Hesabu ilimsafisha kwangu, lakini haikuweza kumrudisha chumbani. Alihamishwa, na ninavyojua wale wenzake hawakuwahi kumwomba radhi.

Kwa hiyo sina upole kwa wanaofanya hili kuwa biashara. Kwenye nguzo za umeme za jiji hili kuna karatasi zenye namba za simu: kurudisha mpenzi, mvuto wa biashara, kusafisha nyota, kufaulu mitihani. Wengine wanauza mafuta ya upako, chumvi na maji ya chupa kwa jina la Yesu. Na wapo wa kwetu wanaouza kombe la mitihani kwa bei ya kitabu cha kiada. Majina yanatofautiana, duka ni moja. Hakuna hata mmoja wao anayeomba kuliona daftari. Na mganga anayemwambia kijana kwamba nyota yake imechukuliwa amekwisha kumwelekeza mahali pa kumtafuta mwizi: chumbani mwake, kwenye kitanda cha jirani.

Kenya walilazimika kulitazama jambo hili la maombi na mitihani kwa upande mwingine. Baada ya wizi mkubwa wa mitihani wa 2015, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i mwaka 2016 alipiga marufuku siku za maombi shuleni katika muhula wa tatu, kwa hoja kwamba mikusanyiko ile ilitumiwa kupanga udanganyifu. Pamoja na hatua nyingine za ulinzi, alama za jumla za A katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mpaka 141. Wapo waliolalamika kwamba watoto wamezuiwa kumwomba Mungu. Hakuna aliyezuiwa. Dua haihitaji hema wala kipaza sauti, na mtoto anayeomba kitandani kwake hajapungukiwa na kitu.

Mwenzangu mmoja wa idara, Mkatoliki, aliwahi kunisimulia habari za Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, Mfransisko wa Italia, ambaye wanafunzi Wakatoliki wengi duniani humwomba awaombee wakati wa mitihani. Alikuwa mzito wa masomo. Mapokeo yanasema kwamba alipopimwa ili awe shemasi aliulizwa kifungu kimoja tu cha Injili alichoweza kukieleza, na alipotakiwa kupimwa kwa ajili ya upadri, askofu aliwahoji wa mwanzo, akaridhika nao mno, akawapitisha waliobaki bila kuwauliza, naye Yosefu akiwa miongoni mwao. Akapata upadri mwaka 1628. Habari ile ilinisumbua kwa muda, maana ni mtu wa mada tatu kwa kumi, yule wa 8 katika 100, ndiye anayetukuzwa. Nilipoifikiri zaidi niliona kwamba Kanisa halikumtangaza mtakatifu mwaka 1767 kwa ajili ya mtihani. Lilimtangaza kwa ajili ya miaka 35 ya sala na utii iliyofuata mpaka kufa kwake. Mtihani ulikuwa mlango tu, na sisi tumeushika mlango tukaiacha nyumba.

Sasa nirudi kwenye dua, kama nilivyoahidi.

Iko dua moja isiyoruhusu hila yoyote, na hiyo ndiyo iliyonifahamisha nyingine zote. Ni ile inayoombwa baada ya karatasi kukusanywa. Vitabu viko kwenye kabati langu. Alama zimeshaandikwa kwa wino mwekundu, bado tu kuingizwa kwenye mfumo. Na nje, kwenye baraza, naona mtu ameinua mikono. Anaomba nini? Lililoandikwa limeandikwa. Wanazuoni wa Kiyahudi wa kale, katika Mishna, walilisema jambo hili: mtu anayerudi mjini akasikia mayowe, akaomba yasiwe ya nyumbani kwake, dua yake ni ya bure, kwa kuwa nyumba inayolia imeshakuwa ni hiyo. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett aliwapinga katika makala yake ya mwaka 1964. Alitoa mfano wa baba anayesikia redioni kwamba meli imezama saa kadhaa zilizopita na waliookoka ni wachache, na mwanawe alikuwamo. Anaomba mwanawe awe miongoni mwa waliookoka. Dummett hakuona upuuzi hapo. Mungu ayajuaye yajayo aliijua dua ya baba kabla baba hajaitamka, tangu meli ikiwa bado inaelea.

Sisi hatuhitaji mfano wa kutunga. Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 2011, habari za MV Spice Islander zilipoenea Unguja na Pemba, meli ilikuwa imekwisha kuzama usiku katika mkondo wa Nungwi. Watu waliomba kwa majina, jina la kaka, jina la shangazi, jina la mtoto. Sikumsikia mtu aliyethubutu kuwaambia kwamba wanaomba lililopita.

Mtihani haufanani na msiba ule kwa uzito, na nisieleweke hivyo. Umbo la dua ndilo moja. Anayeomba baada ya karatasi kukusanywa hana tena cha kufanya. Hana ukurasa wa kurudia wala shati la kuvaa. Hawezi kujidanganya kwamba dua yake ni mbinu. Kinachobaki ni yeye na Mola wake, na ombi kwamba lolote lililopitishwa asiachwe peke yake nalo. Naamini dua ni hiyo, na ile ya kabla ya mtihani inafaa iombwe kwa moyo huohuo. Kumwomba Mungu mada zangu tano ndizo zije ni kumtaka apange maswali kwa faida yangu na kwa hasara ya jirani yangu aliyesoma zile tano nyingine, ambaye naye yuko msikitini au kanisani usiku uleule. Nabii Musa, katika Surat Taha, anapotumwa kwa Firauni anaomba akunjuliwe kifua, afanyiwe wepesi kazi yake, afunguliwe fundo la ulimi wake. Hakuomba Firauni amuulize anayoyajua. Wanafunzi wetu wanaisoma dua hiyo mlangoni mwa ukumbi kila kipindi cha mitihani. Ninawaomba waisikilize wanapoisoma.

Nasi tunaotunga tuna letu. Mungu hakutukabidhi bahati za watoto wa watu tuzigawe kwa maswali matano. Kila mada iliyofundishwa iulizwe. Mgawo wa alama kwa mada utangazwe wiki ya kwanza, si kunong'onezwa wiki ya mwisho. Kitabu kilichosahihishwa arudishiwe mwenyewe akione, ajue alama ilikatwa wapi na kwa nini. Mwanafunzi aliyeona kosa lake kwa macho yake hana haja ya kumtafuta aliyechukua nyota yake. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji bajeti wala waraka wa wizara. Katika idara yetu maswali ya muhula huu yanatakiwa mbele ya kamati kabla ya wiki ya kumi na mbili. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa na bado hujaanza kutunga, andika kwanza orodha ya mada zote ulizofundisha, halafu usiiache hata moja.